Nani Ashike Kisu?

Pale Mlali, wilayani Kongwa, familia ya Kikristo ikiwa na harusi, mwenye ng'ombe hachinji ng'ombe wake. Alfajiri mtoto hutumwa kwa jirani Mwislamu. "Shikamoo babu. Baba anasema ng'ombe yuko tayari." Mzee hunoa kisu, huja, humwelekeza mnyama Kibla, hutaja jina la Mwenyezi Mungu na kukata. Kisha hurudi kwake kunawa. Mchana huja tena, safari hii akiwa mgeni mwenye kanzu safi, akaketi mkekani na Waanglikana na Wakatoliki, na sinia likaletwa. Hakuna anayeuliza nyama hii kachinja nani. Swali hilo lilijibiwa asubuhi.

(Ninaizungumzia Mlali ya Dodoma, si ile ya Mvomero mkoani Morogoro. Majina ni mamoja na watu huzichanganya.)

Desturi hii haimo katika kitabu chochote cha sheria. Hakuna mkuu wa wilaya aliyeiamuru. Hata hivyo imewalisha pamoja watu wa imani mbalimbali katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara kwa vizazi kadhaa, na kwenye mabucha ya mijini imekuwa kama sheria. Naanzia hapa kwa sababu mazungumzo kuhusu nchi isiyo na dini kwa kawaida huanzia Paris au Ankara, kana kwamba jambo hili tumeazimishwa. Tunalo darasa letu. Kwenye darasa hilo kuna mambo tuliyofaulu, na kuna mambo tuliyoyafunika kwa busara mpaka yakatutokea damuni.

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Maneno hayo matatu huwasumbua wacha Mungu wengi, kwa kuwa masikioni mwao yanakaribia sana "isiyo na Mungu". Kiswahili kimetubana kidogo. Mtu akiambiwa hana dini, ni sifa ya moyo wake, na kwetu si sifa nzuri. Lakini nchi haina moyo. Haisali, haifungi, haibatizwi wala haitahukumiwa siku ya kiyama. Kusema haina dini ni kusema mamlaka yake hayana sababu ya kumpendelea anayeswali wala anayesali, wala kumsumbua asiyefanya lolote kati ya hayo. Ibara ya 19 inafafanua zaidi. Kila mtu ana uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili imani yake, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 nayo inazuia kusajiliwa kwa chama cha siasa kilichoundwa ili kukuza maslahi ya dini fulani.

Wakati huohuo, nenda Bungeni Dodoma. Kikao hufunguliwa kwa dua. Wabunge wengi huapa huku wameshika Kurani au Biblia, na asiyetaka kuapa huruhusiwa kuthibitisha. Wimbo wa Taifa wenyewe ni sala, tangu neno la kwanza. Idi ni sikukuu ya taifa kama ilivyo Krismasi. Ni wazi kwamba hatukukusudia kuifukuza dini mlangoni. Ufaransa ilitenganisha dola na kanisa kwa sheria ya mwaka 1905, na mwaka 2004 ikapiga marufuku mavazi ya kuonyesha dini waziwazi katika shule za umma, hijabu ikiwa ndiyo iliyozungumzwa zaidi. Kwetu msichana wa Kiislamu huenda shule ya serikali na hijabu iliyoshonwa kulingana na sare, na mwenzake wa Kikristo hukaa naye dawati moja kichwa wazi. Ufaransa imeona usawa unapatikana watu wote wakivua. Sisi tumeona unapatikana kila mtu akivaa chake.

Naupenda uchaguzi wetu na nitautetea. Lakini una gharama ambayo hatuisemi vya kutosha. Ukisema kila mtu avae chake, lazima pawe na wa kuamua nani anahesabika kuwa "kila mtu". Kwa miaka mingi uamuzi huo tumeuachia mazoea.

Tulirudie suala la kisu, maana ndipo mazoea yalipokatika.

Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimalizika kwa mchungaji mmoja kuuawa. Aprili mwaka huohuo fujo za sababu hiyohiyo zilizuka Tunduma, mpakani na Zambia. Baadhi ya Wakristo walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba nyama wanayouza hadharani sharti ichinjwe na mtu wa dini nyingine. Waislamu nao waliona kinachoondolewa ni ulinzi pekee waliokuwa nao dhidi ya kula kilicho haramu kwao bila kujua. Serikali, kupitia mawaziri na Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliyekutana na viongozi wa dini, ilitaka utaratibu uliozoeleka uendelee. Kwa siku zile lilikuwa jibu la kuzima moto, na moto huzimwa kwanza. Ila halikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Tulitazame swali lenyewe taratibu. Bucha ina mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni usalama wa nyama. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 na sheria za afya zinamtaka mkaguzi amtazame mnyama kabla na baada ya kuchinjwa, aangalie minyoo tegu na kifua kikuu, kisha agonge muhuri. Hilo ni la serikali na halina dini. Minyoo haiulizi mla nyama anasali wapi. La pili ni uhalali wa nyama mbele ya Mungu. Muhuri wa mkaguzi hauwezi kulithibitisha hilo, na mkaguzi hana mamlaka nalo.

Serikali ikisema Mwislamu peke yake achinje nyama ya kuuzwa, imevuka kutoka jambo la kwanza kwenda la pili, ikawa inasimamia sharti la imani kwa watu wasio wa imani hiyo. Ikisema kila mtu achinje apendavyo na auze bila kusema, imemwacha Mwislamu agundue mwenyewe, pengine baada ya kula. Njia zote mbili zina mtu anayeumizwa, na zote mbili huitwa usawa na wanaozipenda.

Kwa maoni yangu, haki ya Mwislamu katika jambo hili ni kujua kwa hakika anachokula, wala haidai kukishika kisu cha kila mtu. Haki ya Mkristo ni kuchinja mnyama wake na kumuuza kwa jina lake bila kupitia mkono wa mtu mwingine. Haki hizi mbili hazigongani hata kidogo pakiwa na kibao mlangoni kinachosema ukweli, na adhabu kwa anayeandika uongo. Nguruwe ametufundisha hilo zamani. Kitimoto, yaani nyama yake, ina mahali pake, majiko yake na visu vyake, na Mwislamu hupita mbele yake bila kuhofia kwamba imechanganywa na mishkaki. Dar es Salaam mabucha ya nguruwe yalivamiwa mwaka 1993, lakini hata baada ya fujo hizo njia iliyodumu ni ya kutenganisha na kutangaza.

Na pale Mlali? Nadhani pale hakuna kitakachobadilika, na hilo ndilo zuri lake. Kijiji chenye bucha moja au mbili, mwenye bucha anataka wateja wote. Ataendelea kumwita mzee mwenye kisu kwa hiari yake. Machinjio ya Kizota, Dodoma mjini, nayo haihitaji kushurutishwa, maana mnunuzi wa Ghuba hapokei nyama isiyo na hati ya halali. Tofauti ni kwamba yule mzee atakuwa anaitwa kwa ujirani badala ya kuitwa kwa amri. Jambo la hiari likigeuzwa amri hupoteza utamu wake, hata kama mikono ni ileile na kisu ni kilekile.

Hapa inafaa kutazama nani hasa ni mchache, kwa kuwa neno "wachache" linatupotosha. Tunalisikia tukidhani kuna kundi moja lenye jina ambalo ndilo dogo. Tanzania haiko hivyo. Katika mkoa huu mmoja wa Dodoma, upande wa Kongwa na Mpwapwa Wakristo ni wengi, kwa sababu wamisionari wa Kianglikana waliingia Mpwapwa tangu miaka ya 1870 kwa njia ya misafara. Kaskazini, Kondoa, Warangi walio wengi ni Waislamu, na katikati yao imekaa Haubi, kijiji cha Wakatoliki chenye misheni ya zamani. Mwislamu wa Mlali na Mkatoliki wa Haubi wanaijua hali ileile kutoka pande mbili. Kila mmoja ni wa wengi akiwa mahali fulani, na ni wa wachache akisafiri kilomita mia mbili.

Nina hakika hii ni sababu kubwa ya utulivu wetu, kubwa kuliko hotuba zote za mshikamano. Anayemkandamiza jirani kwao anajua ana ndugu anayeishi kwingine miongoni mwa watu wa jirani huyo. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliongeza jambo jingine. Ilipowahamisha Wagogo kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji, mara nyingi kwa nguvu na kwa hasara ya mifugo, iliziweka pia nyumba za imani tofauti kwenye mstari mmoja wa barabara. Kanisa likaanza kusikia adhana, na msikiti ukaanza kusikia kengele.

Lakini utulivu wa namna hii unamlinda tu yule ambaye mahali fulani ni wa wengi. Kuna ambao ni wachache kila mahali. Hao ndio mtihani.

Mashahidi wa Yehova ni mfano ulio wazi. Walipigwa marufuku nchini katika miaka ya 1960 na wakasajiliwa tena katika miaka ya 1980. Imani yao haiwaruhusu kuimba wimbo wa taifa lolote, kwani kwao huo ni ibada. Wanafunzi wa imani hiyo, wote pamoja 127, walifukuzwa au kusimamishwa shule za sekondari kwa sababu walisimama kimya wenzao wakiimba. Mahakama Kuu haikuwakubalia. Julai 2013 Mahakama ya Rufani, ya juu kabisa nchini, iliwapa haki.

Nataka tukae hapa kidogo. Sikuisikia habari hii ikisemwa sana vijiweni, wakati mwaka ule kila mtu alikuwa na maoni juu ya Buseresere. Ni mwaka uleule, na miezi mitano tu ilipita katikati. Katika kesi ya kisu, makundi mawili makubwa yaligombana na serikali ikaita kikao. Katika kesi ya wimbo, watoto ambao hakuna aliyewaogopa, wasioweza kujaza hata uwanja wa shule, walikwenda mahakamani na karatasi. Hakuna waziri angeitisha kikao kwa ajili yao. Desturi yote ilikuwa dhidi yao, maana desturi inasema wimbo wa taifa unaimbwa. Kilichobaki kuwasemea ni Ibara ya 19, na majaji walioisoma kama ilivyoandikwa.

Nchi nyingine zimepita hapohapo. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, iliamua kwamba watoto wa imani hiyohiyo wasilazimishwe kusalimu bendera. Mahakama ya juu ya India mwaka 1986 iliwarudisha shuleni watoto watatu wa Kerala waliokuwa wakisimama kwa heshima bila kuimba. Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilimrudishia nafasi mwanafunzi mmoja wa Kirastafari aliyekataliwa shuleni kwa ajili ya nywele zake. Mwanafunzi mmoja! Lakini miezi minane kabla, Januari mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imetengua uamuzi uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na kanisa la Methodisti, hasa kwa sababu za utaratibu wa jinsi dai lilivyoletwa. Mtu anaweza kuwa na haki nzuri na bado akaipoteza kwa kuingilia mlango usio wake. Kwa hiyo Ibara peke yake haitoshi. Lazima mtu mdogo ajue mlango uko wapi, na uwe wazi.

Mahakama yetu ya Rufani ilikuwa imeshapita njia hii mwaka 2003, katika shauri ambalo wanasheria huliita kesi ya Dibagula. Mhubiri wa Kiislamu mkoani Morogoro alitiwa hatiani chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini, kwa sababu alikana uungu wa Yesu katika mhadhara. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Waislamu waliandamana, polisi wakakamata watu. Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake walifuta hatia hiyo. Ukitafakari, uamuzi huo unamlinda na Mkristo vilevile. Anayesema Yesu ni Mungu anakanusha anachoamini Mwislamu, na anayesema si Mungu anakanusha anachoamini Mkristo. Kama kukanusha tu ni kosa, basi kila mahubiri ni kosa, na polisi atachagua ya kukamata kwa kutazama yeye mwenyewe ni wa dini gani. Nia ya kuumiza sharti ithibitishwe peke yake. Haiwezi kudhaniwa kwa sababu tu msikilizaji ameumia.

Mpaka hapa nimesema kama vile kundi na mtu wa kundi ni kitu kimoja. Sivyo, na hapa ndipo pagumu kuliko pote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni kazi ya ufundi mkubwa. Kabla yake kila dini na kabila walikuwa na sheria yao ya ndoa. Bunge lingeweza kuzifuta zote na kuandika moja ya kiserikali, au kuziacha zote kila moja na mahakama yake. Halikufanya hivi wala vile. Iliandikwa sheria moja yenye milango minne: ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, zote zikiwa na hadhi sawa mbele ya msajili. Ndoa ya wake wengi ikatambuliwa, na ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani ikalindwa isigeuzwe kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Ugomvi ukitokea, wanandoa hupita kwanza baraza la usuluhishi, na jumuiya ya dini inaweza kuwa na baraza lake. Nchi chache zilizotoka katika ukoloni zimefaulu kuandika kitu kama hiki, na India mpaka leo inabishana juu ya kilekile tulichokimaliza kwa sheria moja.

Ila ndani ya maridhiano hayo mlifichwa mtoto. Vifungu vya 13 na 17 viliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana kwa kawaida alipaswa kufikisha 18. Wazee wa dini na wa mila waliheshimiwa. Msichana hakuulizwa. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikatamka kwamba vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilikusudia kuzipa nafasi mila na imani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha sheria ukapita bila marekebisho.

Hoja ya serikali haikuwa ya kijinga. Sheria ile kweli iliandikwa ili watu wa imani tofauti waweze kukaa ndani yake. Lakini nafasi inayotolewa kwa dini ni kwa ajili ya waumini, na yule msichana ni muumini pia. Kundi linapopewa nafasi na dola, nafasi hiyo lazima ifike mpaka kwa mdogo kabisa ndani ya kundi. Ikiishia kwa wazee, dola imewakabidhi wazee mamlaka yake juu ya mtu ambaye Katiba inamwita raia kamili. Sioni namna ya kulikwepa hitimisho hili, na simwoni adui wa dini katika kulisema. Wapo masheikh na maaskofu waliolisema kabla yangu.

Kwa kipimo hichohicho mtu anaweza kulitazama suala la Mahakama ya Kadhi, ambalo Bara limekuwa likirudi kila baada ya uchaguzi. Kadhi wa serikali aliondolewa Bara mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zanzibar anaye, na Kenya imemweka ndani ya Katiba yake ya mwaka 2010. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulitafutia ufumbuzi, na mwaka 2015 muswada ulioletwa hapa Dodoma uliondolewa. Waislamu wengi walihisi wamedanganywa mara mbili, na sioni jinsi ya kuwaambia wamekosea kuhisi hivyo. Swali la "nchi haina dini" halilifuti dai lao, maana sheria ya ndoa tayari inayatambua mabaraza ya dini. Linabaki swali la nani anamlipa kadhi na, zaidi ya hapo, kama mwanamke asiyeridhika na hukumu ya kadhi ana mlango wa kutokea kwenda mahakama ya kawaida. Pakiwa na mlango huo, hofu nyingi za Wakristo hazina msingi. Pasipokuwa nao, wa kwanza kuumia atakuwa Mwislamu.

Fedha nazo zina sauti. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii, hasa hospitali na shule, na Waislamu wameilalamikia tangu siku hiyo. Hapa Dodoma mtu anaona pande zote mbili. Hospitali ya Mvumi ni ya Waanglikana na imetibu watu wa kila imani kwa miongo mingi. Mlali yenyewe inajulikana mbali kwa kituo cha watoto wenye ulemavu kilichoanzishwa na watawa wa Kikatoliki wa shirika la Wakapuchini. Serikali kukataa kushirikiana na watu kama hao kwa sababu ya msalaba ukutani kungekuwa kumwadhibu mgonjwa. Ila pale ambapo huduma ya dini ndiyo huduma pekee iliyo karibu, na kodi ya wote imo ndani yake, mama wa Kiislamu anayeingia na mtoto mgongoni anastahili zaidi ya ukarimu. Anastahili haki ya kuhudumiwa bila kuulizwa imani, na pa kulalamika akiulizwa. Na ushirikiano uwe wazi kwa yeyote mwenye hospitali. Rais Mkapa, Mkatoliki, alipowapa Waislamu majengo ya TANESCO Morogoro yakawa Chuo Kikuu cha Waislamu, alionyesha kwamba malalamiko ya miaka mingi yanaweza kujibiwa kwa tendo moja.

Idadi ya watu nayo ina sauti. Baada ya ile ya mwaka 1967 sensa zetu haziulizi dini, na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliisusia sensa wakitaka iulizwe. Namwelewa anayetaka kuhesabiwa. Asiyehesabiwa huhisi anafichwa. Hata hivyo naogopa siku ambayo haki itagawiwa kwa asilimia. Kwa asilimia, wale wanafunzi 127 ni sifuri. Mzee wa Kigogo ambaye bado anaamini kwamba mvua ina wenyewe na huombwa mahali pake na kwa namna yake, ni sifuri. Huyu hana hata baraza la kuitwa Ikulu viongozi wa dini wanapoalikwa, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 inaweza kumgusa kabla ya Ibara ya 19 kumfikia. Na Machi 2024 polisi wa Zanzibar walipowakamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani, hoja kwamba wafungaji ni wengi mno haikuongeza chochote kwenye mizani. Kumheshimu mfungaji ni adabu, nami nisingekula mbele yake. Kumkamata asiyefunga ni jambo jingine.

Ipo sehemu moja ambapo watoto wetu hujifunza yote haya kila wiki. Shule zilipotaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, dini ilibaki kwenye ratiba. Kipindi kikifika, darasa hugawanyika. Wakatoliki huenda kwa katekista, Waanglikana kwa mwinjilisti, Waislamu kwa ustadhi, kila kundi chini ya mti wake au chumba chake. Baada ya dakika 40 hurudi na kukaa madawati yaleyale, hesabu ikaendelea. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba jirani yake anaweza kuwa na kitabu kingine na bado wakashirikiana rula.

Lakini mara nyingi hubaki mtoto mmoja au wawili. Pengine ustadhi hakuja kwa sababu kijiji hakina wa kumlipa nauli. Pengine dini ya nyumbani kwao haina mwalimu, wala jina kwenye ratiba. Mwalimu akiwa na haraka humwambia, "Nenda tu na wale." Mwingine humpa ufagio. Mwingine, na hawa wapo, humwachia kitabu cha hadithi, humwambia kaa hapa usome, na akipita dirishani humwuliza amefika ukurasa wa ngapi.